Mtu wa dagaa umempa koleo siku za giza

Jirani yangu mmoja huku Kibirizi, ufukweni Kigoma, anaanika dagaa. Ndo kazi yake tangu namfahamu. Mitumbwi ikirudi alfajiri anakuwa ashafika ufukweni, anagombania ndoo zake na wenzake, anabeba mpaka kwenye kichanja, anawamwaga, afu anawatandaza kwa kiganja taratibu kama mtu anayepangusa vumbi kwenye shuka, kila dagaa akae peke yake. Wakilaliana wanaoza kwa chini huku juu wanang'aa vizuri tu, mteja anakuja kugundua nyumbani na siku nyingine harudi. Jua likishapanda anapita anaokota wawili watatu, anamvunja mmoja katikati ya mgongo karibu na sikio. Akikatika kwa mlio kakauka, akijikunja bado. Mimi nilijaribu siku moja nikaambiwa "shemeji wewe wa kwako wote wamekauka", yaani sisikii tofauti yoyote.

Sasa huyu dada aliwahi kuandikwa kwenye mradi mmoja wa ajira za muda, siutaji ni upi wala wa nani, kazi yenyewe ilikuwa kuchimba mtaro wa maji ya mvua. Kaya yake ilikuwa na sifa zote, jina likasomwa, NIDA ikakaguliwa, akapewa koleo. Tatizo siku za mtaro ziliangukia giza. Kwa msomaji asiye wa ziwani nieleze kidogo: dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, taa inawavuta juu, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu na wavuvi wengi wanapumzika, wanashona nyavu, wanalala, wanaenda kwa wake zao. Mwezi ukipotea ndo giza, ndo ziwa linafunguka, na hapo mtu wa dagaa hata ukimwambia baba mkwe kafika atakwambia mkaribishe chai nakuja. Kwa hiyo dada yetu alikuwa mtaroni siku zilezile ambazo ufukweni kulikuwa na dagaa, afu mbalamwezi ilipotoka na ufukwe ukapoa, na mtaro nao ukawa kwenye mapumziko. Akamlipa binti wa jirani amwanikie. Binti akalala, mvua ikaja.

Pesa aliyopata kwenye koleo unaweza kupiga hesabu mwenyewe ilipoishia.

Hii kitu imenikaa kichwani muda mrefu, kwa sababu kila nikisoma kuhusu programu za kuwatoa watu kwenye misaada na kuwapeleka kwenye kazi, mjadala unakuwa kwenye maswali mawili, nani aingie na alipwe shilingi ngapi. Swali la tatu, huyu aliyeingia apelekwe kazi ipi na lini, linabaki la karani, mtu mwenye daftari na bik na foleni ya watu mia wamesimama juani. Na mimi naona ndo swali linaloamua kama programu imemsaidia mtu au imemzungusha tu.

Tuanze na wenzetu wa nje maana wao wameshalivunjia kichwa kwa miaka mingi na wana pesa za kukosea. Marekani Rais Clinton alisaini sheria ya mageuzi ya misaada Agosti 1996, msaada wa serikali kuu ukawekewa kikomo cha miaka mitano na majimbo yakaambiwa lazima asilimia fulani ya wanaopokea wawe kwenye shughuli za kazi. Ila kabla ya hapo kaunti moja California inaitwa Riverside ilishapata jina, falsafa yao ilikuwa fupi, kazi yoyote ni kazi nzuri, chukua ya kwanza utakayoipata. Na matokeo yalikuwepo, watu walipata kazi na kipato kilipanda kuliko kaunti nyingine zilizokuwa zinawapeleka watu darasani kwanza. Basi kila jimbo likataka kuwa Riverside. Halafu ukaja mji wa Portland, Oregon, nao wakasema watu waende kazini haraka, ila wakaongeza kitu kidogo: usichukue ya kwanza tu, subiri kidogo upate inayolipa zaidi ya kima cha chini na yenye nafasi ya kukaa, na kama una upungufu wa ujuzi pitia kozi fupi. Watafiti walipolinganisha programu nyingi za miaka ya 1990, Portland ilikuwa miongoni mwa zilizofanya vizuri kuliko zote. Ile subira kidogo, mtu kuulizwa hii kazi itakukaa au hukai, ilikuwa na thamani ya pesa.

Uingereza wao walienda njia ya tenda. Juni 2011 wakaanzisha mpango mkubwa ambapo makampuni binafsi yanapewa watu wasio na ajira, kampuni inalipwa hela ya maana pale tu mtu amepata kazi na amekaa nayo. Kwenye karatasi inapendeza. Na hawakuwa wajinga, waliweka malipo makubwa zaidi kwa watu wagumu, wagonjwa na wenye ulemavu, ili kampuni isiwakimbie. Ikawakimbia vilevile. Ukienda kununua samaki pale mwaloni utaona muuzaji anavyopanga tenga, wakubwa wanang'aa juu, chini ndo kuna vitu vya ajabu. Makampuni yakawa yanashughulika na wa juu ya tenga, kijana mwenye cheti na aliyekosa kazi miezi michache, ambaye huenda angepata kazi hata bila wao, na wale wa chini wakapakiwa tu kama gari bovu gereji, wanaitwa mara moja moja kusaini wanarudi nyumbani. Wala sio kwamba wafanyakazi wa yale makampuni walikuwa na roho mbaya. Mtu anafanya kile anacholipwa kukifanya, na hapo alikuwa analipwa kwa idadi ya watu waliokaa kazini, hakuna shilingi iliyokuwa inalipa saa nzima ya kukaa na mama mwenye mgongo mbovu na kumuuliza anaweza nini.

Kuna kesi yao moja naipenda sana kuisimulia. Cait Reilly, binti wa Birmingham mwenye digrii ya jiolojia, alikuwa anajitolea kwenye makumbusho huku anatafuta kazi, yaani alishajitafutia mwenyewe sehemu inayoendana na anachotaka kuwa. Mwaka 2011 ofisi ya ajira ikamwambia aache, aende duka la Poundland akapange bidhaa kwenye shelfu, wiki mbili bila mshahara, na akaelezwa asipoenda posho inaweza kukatwa. Akaenda. Afu akaenda mahakamani. Februari 2013 Mahakama ya Rufaa ikasema kanuni zilizotumika hazikuwa halali, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu nayo ikasimama upande huo kwenye hilo la kanuni, ingawa hoja kwamba ilikuwa kazi ya kulazimishwa haikupita. Wengi walimcheka, wakasema binti anaringa, shelfu zina ubaya gani. Shelfu hazina ubaya. Ila mtu alikuwa ameshajipanga, mfumo ukaja ukampangua ili umpange upya, na ule upya ulikuwa mbovu kuliko wa mwanzo. Ni dagaa na koleo tu, tofauti ni hali ya hewa.

Australia nao wana dodoso, lilianza mwaka 1998, unaulizwa umri, elimu, muda uliokaa bila kazi, usafiri, afya, lugha, afu maksi zinajumlishwa na maksi zinasema wewe upo mbali kiasi gani na ajira. Dodoso ni kitu kizuri kuliko jicho la karani, sibishi, maana jicho la karani linaona kwanza shemeji yake. Lakini angalia linachopima. Linapima udhaifu wako. Ukimaliza maswali yote mfumo unajua unakosa nini, haujui kwa undani unaweza nini, na mwajiri hajawahi kuajiri kile mtu anachokosa.

Tukirudi Kigoma mambo ni tofauti kwa sababu moja kubwa ambayo nadhani wataalam wakija na mabegi yao wanaisahau. Kule nje kumpangia mtu kazi maana yake kuna mwajiri upande wa pili, kuna duka, kiwanda, ghala, hospitali, mtu anaingia kwenye orodha ya mishahara. Hapa upande wa pili kuna nini? Kuna ziwa, kuna shamba, kuna michikichi, kuna bandari, kuna soko la Mwanga, kuna boda. Waajiri wa kuajiri watu mia kwa mpigo unawahesabu kwa vidole. Kwa hiyo mradi wenyewe unakuwa ndo mwajiri, unatengeneza kazi, barabara, lambo, kitalu cha miti, mtaro. Na kwa sababu kazi imetengenezwa kwanza, mtu anatafutwa akae ndani yake. Shimo limeshachimbwa kichwani kwa mhandisi, kinachobaki ni nani aliingie.

Kwa haki lazima niseme huu mfumo wetu wa TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, haukuwa umeandikwa kijinga. Mpango wa kunusuru kaya maskini ulizinduliwa 2012, na upande wa ajira za muda awamu ile ya kwanza ilikuwa siku 15 kwa mwezi, miezi minne, jumla siku 60 kwa mwaka, shilingi 2,300 kwa siku, tena kwenye kile wanachokiita kipindi cha hari, yaani ile miezi ghala limeisha na mavuno bado. Miradi inaibuliwa na wananchi wenyewe kwenye mkutano. Na malipo yanawekwa chini kidogo ya kibarua cha kawaida kwa makusudi, ili mwenye kibarua chake asikiache akaja kupanga foleni, abaki yule ambaye kweli hana pa kwenda. Hiyo hesabu ipo dunia nzima kwenye programu za aina hii na kimantiki inasimama.

Ila soma tena hilo neno, kipindi cha hari. Cha nani? Aliyeandika alikuwa anamuona mkulima. Mtu wa Kasulu au Buhigwe mwenye maharage na mahindi yake, sawa, miezi yake ya njaa unaweza kuichora kwenye kalenda ya ukutani, inajirudia kila mwaka karibu palepale (japo hata yeye miezi ya njaa ndo miezi ya palizi, kwa hiyo unampa koleo la umma wakati jembe lake mwenyewe linamuita, hilo nalo ni la kwake). Mtu wa ziwani njaa yake haiji kwa mwaka, inakuja kwa mwezi, na hapa namaanisha mwezi wa angani. Kila mbalamwezi ni kipindi cha hari kidogo. Zinapita siku kadhaa hakuna kitu, mikopo dukani inaandikwa kwenye kadaftari, giza likiingia inalipwa. Mtu wa mawese naye ana saa yake nyingine kabisa, mashada yakishaangushwa hayasubiri ratiba ya mtu, yanatakiwa yachambuliwe yachemshwe yakamuliwe, ukichelewa mafuta yanaharibika na bei inashuka. Mbeba mizigo wa bandarini anasubiri meli. Watu hawa wote wanaweza kuwa kwenye mtaa mmoja, orodha moja, kundi moja la mtaro, tarehe moja hadi kumi na tano.

Ndo maana nasema hivi, na najua kuna watu watanibishia: kwa mkoa kama huu, kabla hujamuuliza mtu anajua kazi gani muulize ana siku zipi. Ujuzi tunaupa uzito sana kwa sababu umetoka kwenye vitabu vya kule ambako mtu asiye na kazi hana kazi kweli, ameamka hana pa kwenda Jumatatu mpaka Jumapili. Hapa maskini hajakosa kazi, ana kazi tatu zenye mashimo katikati. Kumsaidia ni kuziba yale mashimo. Ukimpangia kazi juu ya kazi umemnyang'anya kwa mkono wa kushoto kile ulichompa kwa wa kulia, na kwenye ripoti ataandikwa mnufaika, siku 15, kalipwa, sawa.

India walilifikiria hili kwa njia ambayo mimi naiona ya akili kuliko zote. Sheria yao ya mwaka 2005 ya ajira vijijini iliweka siku 100 kwa kaya kwa mwaka, lakini cha maana ni nani anaanza kuongea. Chini ya sheria hiyo mwananchi ndo alikuwa anaomba kazi, anasema nataka kuanzia lini, na serikali ilitakiwa impe ndani ya siku 15, ikishindwa imlipe posho ya kukosa kazi. Kazi ilitakiwa iwe ndani ya kilomita 5 toka kwake, ikizidi hapo anaongezewa asilimia 10 kwenye ujira. Utekelezaji ulikuwa na shida zake nyingi, malipo kuchelewa hasa, sitaki kuwapamba. Ila angalia mlango ulivyogeuzwa, mtu anabeba kalenda yake mwenyewe mpaka ofisini. Hakuna karani anayehitaji kujua giza linaanza lini, anayejua ni mwombaji.

Najua jibu la watu wa saiti. Nimewahi kukaa na msimamizi mmoja wa kazi za namna hii, kaka mwelewa tu, akanambia wewe unaongea kwa sababu haujawahi kusimamia. Nina koleo thelathini, matoroli sita na mawili yamepasuka tairi, fundi wa kupima mteremko wa maji analipwa kwa siku, nikiruhusu kila mtu aje na siku zake leo nitakuwa na watu wanne kesho themanini, mtaro utachimbwa lini na mvua inakuja Oktoba? Ana hoja, tena nzito, na wanaoandika sera wakiwa kwenye kiyoyozi huwa hawaifikirii. Mtaro haujali maisha yako.

Lakini nilipombana kidogo tukakuta kwamba hata yeye hahitaji watu wote themanini siku moja, hana koleo za kuwatosha, wengine wanakaa chini ya mwembe wanasubiri zamu huku wanahesabiwa wapo. Sasa kama ni hivyo si uwagawe mafungu mawili toka mwanzo? Fungu la wenye mbalamwezi na fungu la wenye giza. Wa ziwani wachimbe mwezi ukiwa mkubwa, wa mashambani na wa mjini wachukue zile siku nyingine, koleo haziongezeki, fundi yuko palepale, na mwembe unabaki na kivuli chake bila watu. Akacheka, akasema andika barua. Hakuna wa kuandikiwa barua hiyo, ratiba inatoka juu imeshapigwa muhuri, na hapo ndo niliona kwamba shida haiko kwa karani wala msimamizi, iko kwenye fomu isiyo na chumba cha kujaza siku.

Mwaka 2024 tulipata mfano mkubwa kuliko huo. Serikali ilifunga ziwa, hakuna kuvua kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu samaki wazaliane. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono, mavuno yalikuwa yameshuka na kila mtu ufukweni alikuwa anajua. Ila hebu iangalie kama mtu wa kupanga kazi. Tarehe zinajulikana mapema, za kuanza na za kuisha. Watu wenye nguvu, waliozoea kuvuta nyavu usiku kucha, wamekaa nchi kavu kwa wakati mmoja. Na ni kiangazi, udongo umekauka, ndo muda wenyewe wa barabara na mitaro na madarasa. Ukitaka kuoanisha watu na kazi hutapata zawadi kubwa zaidi ya hiyo. Lakini orodha ya kaya maskini inatengenezwa kwa kuangalia nyumba, chakula, watoto, haiangalii ziwa limefungwa au limefunguliwa, baharia aliyekuwa na uwezo wa kula Aprili hayumo, na Juni njaa yake haina fomu. Kwa hiyo hata ukiwa na nia njema unakuta watu wako huku na kazi ziko kule na katikati kuna orodha ya zamani.

Kuna kijana mwingine hapa mtaani, fundi wa injini za boti, hata hakusoma VETA, kajifunza kwa kushika tochi ya mjomba wake. Yeye alipangiwa kitalu cha miti. Akawa anamwagilia miche asubuhi, jioni anafungua injini, hakulalamika, na alinambia kitalu kilimsaidia kununua spana. Namuweka hapa kwa sababu anaipinga nusu ya hoja yangu: kazi haikufanana na ujuzi wake hata kidogo na bado ilimfaa, kisa saa hazikugongana. Wale wa Portland sidhani kama wangemwelewa.

Juzi nimepita kwa yule dada wa dagaa, alikuwa anachana maboksi ya kufungia mzigo wa Tabora. Nikamuuliza vipi shemeji, na mwaka huu mmeandikwa? Akasema tumeandikwa, na safari hii nimejitahidi, nilipofika mezani nikamwambia yule kijana mwanangu naomba unipangie mbalamwezi. Kijana akasema sawa mama, akashika kalamu, akafungua simu upande wa kalenda, akakaa anaiangalia, afu akamuuliza mbalamwezi ni tarehe ngapi.